Karabai Kutoka Kostarika

Ujiji,
23 Februari 1997

Kwa shemeji yangu Gahungu,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi waaminifu ambao ni mke wangu na kuku wawili, natangaza rasmi kwamba kigoda changu, kilichonibeba tangu nilipofungua kibanda cha kutengeneza karabai, kimefariki asubuhi ya leo kikiwa kazini. Aliyekiua ni mimi. Mke wangu anasema ni kitambi, mimi nasema ni mchwa. Maziko yamefanyika jikoni, chini ya sufuria ya maharage.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hujambo huko Kostarika? Afya yako inaendeleaje, na chakula chao kinapita kooni? Sisi tu wazima, ila magoti yangu, na hayo ulishayazoea.

Barua yako ya kwanza imefika, baada ya sisi kukaa tangu Oktoba tukitazama njia. Utaratibu wako nimeuelewa: yule mzungu wako Kelly anaitia barua kwenye vifurushi vya wenzake wanaowachunguza sokwe, boti inaishusha Mwamgongo, kijiji cha wavuvi cha huku ziwani, mvuvi mmoja anaipokea, na Bariki wa boti ananiletea pamoja na karabai mbovu za wavuvi wa huko. Majibu nayo yanarudi kwa njia hiyohiyo. Bariki ni mgeni kwenye kazi, hakujui hata sura, lakini ni mwaminifu. Anasema, "Mimi mtu wa mizigo, Mzee, ndani kuna nini si kazi yangu."

Mtaa bado unaizungumza siku tuliyokusindikiza. Yule mbuzi, ile pilau, hotuba yako ya lugha tatu pale gatini, na koti langu la Idi ulilovaa ukasema Kostarika kuna baridi. Na karabai niliyowapa harusini, ile niliyoiunga kutoka karabai tatu zilizokufa, mpini wake ni spoku ya baiskeli. Ulisema utaiwasha huko ukumbuke nyumbani. Inawaka?

Mkeo Consolate aliisoma barua yako peke yake, kisha akaniletea nimsomee tena kwa sauti, kana kwamba kinywa changu kingetoa maneno mengine zaidi. Hukusema lini utamwita. Nimemwambia mtu akifika ugenini huanza kwa kutafuta choo, mengine baadaye. Lakini usisahau, muramu, kama mnavyomwita shemeji kwenu, kwamba kaka zake walibaki ng'ambo ya mpaka kwenye vita, na padri alipouliza nani anamtoa binti huyu, aliyeitika ni mimi, Mwislamu wa Ujiji, kwa sauti kubwa hadi kwaya ikageuka. Sikuitika kwa mzaha.

Ni mimi shemeji yako,
Mwinshehe


Kostarika,
24 Machi 1997

Shikamoo shemeji Mwinshehe,

Natumaini mnaendelea vizuri, wewe, dada mkubwa mkeo na Consolate wangu. Mimi mzima kabisa. Pole kwa msiba wa kigoda.

Karabai yako inawaka. Kuna mwenzangu wa kazi, Carmen, hajawahi kuona taa ya namna hiyo, anasema Waafrika mnajua kuunga.

Kazi yangu ni kulinda mnyama ambaye sisi hatuna jina lake. Wafaransa wanamwita mvivu, tena mvivu wa vidole vitatu, maana kila mkono na kila mguu una kucha tatu ndefu zilizopinda kama ndoano. Ukubwa wake ni kama paka aliyenenepa. Anaishi juu ya miti akining'inia, tumbo juu, mgongo chini, kwa hiyo manyoya yake yameota kinyume na ya wanyama wote: yanaanzia tumboni kuelekea mgongoni, mvua ikinyesha maji yanateleza. Na kwenye manyoya hayo huota mwani wa kijani kama ule wa kwenye mawe ya ziwani, ndani yake wanakaa vipepeo wadogo. Ukimtazama unadhani ni sehemu ya mti.

Uso wake, shemeji, unatabasamu muda wote. Hata akiumwa. Mdomo umekatwa hivyo tu.

Hashuki chini ila mara moja kwa wiki, kwenda haja kwenye shina la mti wake, kisha anapanda tena. Na hiyo ndiyo siku wanyama wakali humkamata. Kwa nini asijisaidie akiwa juu kama nyani, hakuna anayejua kwa hakika.

Mwambie Consolate asichoke.

Shemeji yako mdogo,
Gahungu


Ujiji,
26 Machi 1997

Shemeji Gahungu,

Hujambo? Kifua chako kimetulia, kile kikohozi cha asubuhi? Sisi tu salama.

Barua yako imefika ikinuka dagaa. Nimemkemea Bariki, akaapa hakuilaza kwenye magunia. Hata hivyo tumeisoma tukiwa tumeziba pua na tumefurahi. Huyo mnyama ni mimi mtupu. Mke wangu ameshanibatiza: kila nikichelewa kuinuka anauliza, "Bwana Mvivu, leo ni siku ya kushuka?" Nakushukuru kwa kuniharibia heshima nyumbani kwangu kutoka ng'ambo ya bahari.

Consolate amemchora mnyama wako kwa mkaa ukutani kwa maelezo yako, kucha tatu tatu, na tabasamu. Wateja wake wa maandazi wanauliza ni jini gani.

Sasa jambo la maana, na hapa naomba uweke chini vyote unavyovishika. Shangazi yake Consolate, Manariyo, amekuja kutoka kambi ya wakimbizi. Familia yao imekubaliwa kwenda Kanada, wanaondoka mwisho wa Mei. Ameliweka jina la Consolate kama binti wa nyumba, limekubaliwa pia. Nafasi hiyo ni ya mara moja. Shangazi alisema hivi, nakunukulia: "Mtoto wangu, mume ni mume, lakini gari likiondoka limeondoka."

Consolate alimjibu, "Mume wangu yuko nchi nyingine anaandaa. Nikienda Kanada na yeye akaniita Kostarika, tutakutana wapi?"

Kwa hiyo swali ni fupi kuliko tumbo langu. Aende, au akusubiri? Useme neno moja tu, yeye atalifuata. Hapa mjini nako hali si nzuri. Watu wanasema wakimbizi wote wanaokaa nje ya kambi watakuja kukusanywa. Mimi nimemwambia chumba chake ni chake, lakini kibanda cha karabai si serikali.

Shemeji yako,
Mwinshehe


Kostarika,
21 Aprili 1997

Shikamoo shemeji,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi sijambo, kifua kimetulia.

Habari za shangazi nimezisoma. Ni jambo zito. Nipe muda niwaulize wakubwa wa hapa kama naruhusiwa kumleta mke. Mambo ya huku yanakwenda polepole, nadhani watu wameambukizwa na mnyama wao.

Wiki hii tumemwokoa mama mmoja na mtoto wake. Barabara imekata msitu katikati, akitaka kuvuka hana matawi, basi anashika nyaya za umeme. Wengi wanakufa hivyo. Tunafunga kamba kutoka mti hadi mti ili wapite. Wengine wanaibiwa watoto wao ili wageni wapigwe nao picha. Mtoto akitengwa na mama anakufa, maana anakula majani ya miti michache tu, na kuyasaga tumboni kunachukua muda mrefu ajabu. Huwezi kumfuga nyumbani kama mbuzi.

Shingo yake ina mifupa mingi kuliko ya twiga. Anaweza kugeuza kichwa akatazama nyuma bila kusogeza mwili.

Na jambo hili nimwambie Consolate, maana anapenda ya ajabu: zile kucha zinajifunga zenyewe kwenye tawi. Hatumii nguvu kuning'inia. Hata akifa anaweza kubaki hapohapo mtini, ameshika. Ukiwa chini huwezi kujua kama unamtazama mzima au maiti.

Shemeji yako mdogo,
Gahungu


Ujiji,
5 Mei 1997

Gahungu,

Salamu. Sisi wazima.

Zamu hii sikuandikii kwa utaratibu wa kawaida. Nimemwomba Bariki apande makusudi, bila mzigo, maana ni siku za giza na kibandani sina karabai hata moja. Zote ziko ziwani zikiita dagaa. Nimempa samaki mkubwa aliyekaushwa kwa moshi na maneno matamu.

Wakubwa wako wamesemaje? Shangazi ametuma mtu tena. Consolate anatakiwa awe kambini kabla ya mwezi kuisha, alale kule, asubiri gari na wenzake. Amefunga mzigo wake. Kisha ameufungua. Kisha ameufunga. Mke wangu anasema kile kitenge cha mzigo kitachanika kwa kukunjwa tu.

Jana nilimwambia, "Dada, nenda, mume atakufuata, dunia haina uzio." Akaniambia, "Kaka, wewe ulinitoa, ukanikabidhi kwake. Yeye ndiye wa kuniambia nenda."

Sasa niambie hukumsikia.

Jibu kwa boti ya kwanza.

Shemeji yako,
Mwinshehe


Kostarika,
20 Mei 1997

Shikamoo shemeji,

Natumaini hamjambo. Nisamehe kuchelewa, mto ulifurika, daraja likaenda, barua hazikutoka.

Asubiri. Wakubwa wamekubali kwa mdomo, imebaki kuandikwa. Akienda Kanada atakuwa ameandikwa huko kama msichana wa shangazi, na mimi sitampata tena. Mwambie ashike kama mvivu anavyoshika tawi. Upepo unavuma, mvua inapiga, yeye ameshika tu.

Nampenda. Mwambie na hilo.

Shemeji yako mdogo,
Gahungu


Ujiji,
22 Juni 1997

Shemeji,

Hujambo? Sisi tunaendelea.

Barua yako ilifika kwa wakati. Consolate aliifuata. Shangazi Manariyo alikuja mwenyewe siku ya mwisho, akakaa uani, akanywa chai, akamwachia kanga na picha ya mama yake. Wameondoka. Tumesikia wamefika, na kwamba kuna baridi kuliko hilo koti langu.

Consolate anaamka kukanda unga kama zamani. Haulizi kitu. Barua yako ya "nampenda" ameikunja ndogo, anaiweka kwenye shingo ya gauni.

Hiyo karatasi ya wakubwa ikishaandikwa, tusaidie nakala. Mimi sina haraka. Nina kigoda kipya, na hiki naona kimeamua kunivumilia.

Shemeji yako,
Mwinshehe


Kostarika,
20 Julai 1997

Shikamoo shemeji,

Natumaini wote mko salama. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Karatasi bado. Mkubwa mwenye mhuri amesafiri.

Nimegundua jambo litakalokuchekesha. Huyu mnyama ardhini ni kama mlevi, anajivuta kwa mikono. Lakini mtie kwenye maji, anaogelea vizuri mno. Anavuka mto mzima, kichwa juu, akitabasamu. Nani angedhani? Kila mtu ana mahali ambapo si mvivu.

Msalimie Consolate. Mwambie karabai bado inawaka, ila pampu imeanza kukataa.

Shemeji yako mdogo,
Gahungu


Ujiji,
24 Agosti 1997

Kwa Gahungu, Mwamgongo.

Salamu. Sitauliza afya yako. Nimeshaisikia.

Tangu tujuane nimekuwa mtu wa utani, na hata sasa mkono unataka kuanza na kigoda. Lakini leo nakueleza mambo yalivyokuwa, moja kwa moja, maana katika barua zote tulizoandikiana bado hakuna hata moja iliyofanya hivyo.

Juma hili Bariki alileta karabai za mbalamwezi kama kawaida. Nikazipanga mezani. Ya mwisho ilikuwa na mpini wa spoku ya baiskeli. Ilikuwa na kiraka changu cha bati jekundu kwenye tangi, nilichokikata kwenye kopo la biskuti alilonunua Consolate wiki ya harusi yenu. Pampu ilikuwa imekufa. Ngozi ya pampu ilikuwa imeliwa na mafuta, na chini ya tangi kulikuwa na magamba ya dagaa yamekauka.

Nilikaa nayo mapajani. Bariki akauliza, "Mzee, inatengenezeka?" Nikamuuliza ni ya nani. Akasema, "Ya yule anayepokea barua za wazungu. Mvuvi. Wanamwita Mwalimu, kwa sababu ana kitabu."

Ndipo nikaitazama meza yangu, Gahungu. Mimi hukaa pale mwaka mzima. Siku za giza meza huwa tupu, kwa sababu wavuvi wako ziwani na taa zao. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika nyumbani, karabai zinakuja kwangu. Na kila barua yako ya Kostarika niliifungua nikiwa nimezungukwa na karabai. Kila moja. Nilipokuandikia gizani nikikuomba neno moja, ulikaa kimya mpaka mwezi ukajaa, ukasema ni mto. Mimi mtu wa karabai, niliyekula na kuvaa kwa ajili ya mwezi huo, nikaisoma barua iliyonuka dagaa, iliyotoka Kostarika kwa siku mbili, nikamkemea Bariki. Mke wangu amecheka kwa hilo mpaka akalia, kisha akaendelea kulia bila kucheka.

Nilipanda boti nikaja. Nilimwambia Consolate naenda kudai deni la karabai. Kwako nilifika mchana, jua likiwa juu ya mchanga na dagaa wameanikwa mpaka mlangoni. Mwanamke mmoja alikuwa akiwageuza, tumbo limemtangulia, amevaa koti langu la Idi. Linampendeza kuliko lilivyonipendeza mimi. Nilimsalimu, "Mwakeye," akaitikia vizuri, akaniambia, "Shikamoo Mzee, karibu kivuli." Nikasema ni fundi karabai wa Ujiji, nimekuja kujua taa ya hapa inataka nini. Jina lake Agnesi. Alinipikia kuhe mbichi, yule samaki wetu wa ziwani, na ugali wa muhogo, nami nilikula vyote, maana hajanikosea kitu.

Yeye ndiye aliyenipa ukweli wako, bila kujua anampa nani. Alisema mumewe alikuja mwaka jana akimfuata mzungu aliyeitwa Kelly, mwanafunzi wa misitu, aliyemwahidi kumpeleka nchi za mbali kulinda wanyama. Alipofika akakuta Kelly ameshaondoka, amemwachia kitabu cha Kifaransa na barua fupi ya kusema samahani. Alikaa ufukweni siku ile nzima na begi lake. Baba yake Agnesi akampa kazi ya kuvuta nyavu mpaka atakapopata nauli ya kurudi. "Alisema hawezi kurudi," akaniambia. "Alisema mtaa mzima ulimchinjia mbuzi."

Mbuzi, Gahungu.

Ungerudi. Tungekucheka, usidhani tusingekucheka. Mimi ningekucheka kuliko wote. Ningekuita Bwana Kostarika mpaka siku ya kuzikwa kwangu. Kisha mke wangu angepakua, tungekula, na Consolate angekuwa na mume wake. Hata hilo la Agnesi, mtu akikwama kwa aibu, ningetafuta pa kuliweka. Mimi ni mtu mnene, nina nafasi.

Lakini Mei hukuwa umekwama. Mei ulijua unakoishi. Ulijua ni safari ya nusu siku kwa boti kutoka chumba cha mkeo. Neno "nenda" lingekugharimu nini? Lingemtoa, lingekuficha na wewe, nisingejua mpaka leo. Ukaandika "asubiri". Nimeligeuza neno hilo kama pampu iliyokataa, nikalifungua kila kipande, nikitafuta mahali palipoharibika. Nimeona ulitaka tu kuwe na mtu mmoja duniani anayeamini kwamba uko Kostarika.

Agnesi alinionyesha kitabu. Picha ni nzuri. Yule anayetabasamu. Alisema watoto wa jirani huja jioni unawasimulia kuhusu mnyama huyo, na kwamba unasimulia kama mtu aliyemshika. Kisha akasema, "Yupo ndani amelala, ni mbalamwezi. Nimwamshe?"

Nyuma ya ukuta wa matete mtu akakohoa. Kikohozi cha asubuhi, ingawa ilikuwa mchana.

Nikasema, "Mwache apumzike." Kama ulikuwa macho, basi ulinisikia. Hukutoka. Nilikawia kuvaa viatu kwa makusudi, magoti yakanisaidia, na hukutoka.

Kumwambia Agnesi sikumwambia. Hilo ni lako, na lina mwezi wake, maana tumbo lile halisubiri mhuri wa mkubwa.

Consolate nilimwambia jana asubuhi, mbele ya kikaango. Nilimwambia yote, hata kuhe. Aliyatoa maandazi kwanza yasiungue. Akaniomba karabai. Nilikuwa nimeshabadilisha ngozi ya pampu, kwa mazoea ya mkono tu. Akaiwasha palepale mchana kweupe, akaitazama ikiunguruma, akaizima. Kisha akachukua kitambaa chenye maji akafuta ukuta, kucha tatu tatu, akamalizia tabasamu.

Akasema, "Aliniandikia mwenyewe, kaka. Akifa anabaki ameshika, aliye chini hajui. Mimi nilikuwa chini natazama."

Nikakipokea kile kitambaa, nikakisuuza.

Leo amekwenda kambini na ule mzigo wake. Anataka kuandikwa upya, peke yake, nyuma ya watu wote, na huenda isitokee tena nafasi. Nimempeleka mpaka kwenye gari. Alikataa nimshikie mzigo. Barua yako ya "nampenda" ameniachia, nami naikurudishia humu. Ina alama ya unga, usiifute. Nilimuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake. Alifikiri mpaka gari likaanza kutetemeka, akasema, "Mwandikie kwamba mimi nimeshuka."

Karabai yako imepona. Pampu ina ngozi mpya, glasi nimeisafisha. Sitaki malipo, taa haikumdanganya mtu. Giza linaanza wiki ijayo, nawe una nyumba ya kulisha. Koti usilitoe, Agnesi asije akapata baridi.

Bariki nimemwambia asichukue tena barua kutoka Kostarika.

Ni mimi,
Mwinshehe, fundi karabai